Nilimuua Punje wa Rafiki Yangu kwa Kizibo Ambacho Sikukivuta

Nimekosa. Sitasema nilipotoshwa na mtu, wala sitamsingizia shetani. Nilikaa, nikafikiri, nikapanga, nikatenda. Nilidanganya mbele ya watu watatu walioniamini, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa miaka kumi na tisa.

Sijawahi kusimulia haya kwa ukamilifu, hata kwa mke wangu. Yeye anajua tu kwamba siku hizi Jumamosi niko nyumbani. Kwa hiyo wewe unayesoma, nivumilie kidogo. Lazima nianze na mchezo wenyewe, maana usipouelewa utaniona mwendawazimu.

Mimi ni karani wa stoo ya pembejeo mjini Kitale. Shule niliishia kidato cha pili. Mengine nimejifunza kwa vitabu vikuukuu, kimoja kimoja, kalamu mkononi. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili, simu za mkononi zilipokuwa zimeanza tu kushika huku kwetu, nilinunua kwa muuza mitumba kitabu kinene kisicho na jalada. Kilikuwa kimelala kati ya vitabu vya kilimo cha mahindi. Nilidhani ni cha historia. Kumbe ni kanuni za mchezo!

Mchezo wenyewe ni huu. Watu wanne wanakaa mezani. Watatu wanabuni kila mmoja mtu wake kwenye karatasi: jina, kazi, na jamii anayotoka katika nchi ambayo haipo. Wa nne ni msimulizi. Yeye ndiye mvua, ndiye mlango, ndiye adui. Likitokea jambo la mashaka, kwa mfano mtu amerusha mkuki, bahati ndiyo inayoamua.

Kitabu kilitaka dadu lenye nyuso ishirini. Kitale ungelipata wapi? Nilichukua vizibo ishirini vya soda, nikavigonga namba kwa msumari, moja hadi ishirini, nikavitia ndani ya mkebe wa kakao. Unavuta kizibo, unasoma namba, unakirudisha. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, umeumia.

Msimulizi huvutia vyake nyuma ya kipande cha katoni, ili wenzake wasione yanayokuja. Msimulizi nilikuwa mimi. Katoni ilikuwa yangu. Zishike hizo sentensi mbili fupi, ndizo zilizonimaliza.

Nilikitafsiri kitabu chote kutoka Kiingereza, kikajaza madaftari manne. Kilikuwa kimenyofolewa kurasa kumi na mbili katikati, palepale penye habari za jamii. Hilo lilinikera tangu siku ya kwanza. Mtu kama mimi hapendi kitabu chenye pengo.

Wachezaji walikuwa watatu. Simiyu, fundi cherehani wa Bungoma, rafiki niliyemtaja. Madam Cheptoo, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Saboti, mama wa watu wazima, anayecheka kwa sauti ya mwanaume. Na Wekesa, fundi wa redio kutoka Kimilili, mwenye mdomo. Jumamosi moja tulikutana sebuleni kwangu Kitale, nyingine nyuma ya duka la Simiyu kule Bungoma. Wote waliniita Karani. Miaka miwili tulicheza hivyo, na sikumbuki miaka mingine niliyofurahi namna ile.

Sasa nije kwenye kosa.

Mtu wa kwanza wa Simiyu alikuwa wa jamii ya Majitu, mwenye nguvu za kubeba ng'ombe. Alikufa maji tukivuka mto wa kubuni. Kizibo kilisema mbili, na mbili ni mbili. Simiyu akahitaji kuunda mtu mpya. Tulikuwa kwangu, chai mezani.

"Andika, Karani," akasema. "Jamii: Wafupi."

Wafupi ni watu wa kimo cha mtoto wa darasa la pili. Kitabu kinawapunguzia nguvu na kuwaongezea wepesi wa kujificha. Wanafaa kuwa wezi na wapelelezi.

"Mpelelezi?" nikauliza, kalamu tayari.

"Askari wa mstari wa mbele. Anaitwa Punje."

"Simiyu, kitabu kinampunguzia nguvu."

"Kimpunguzie."

"Basi mfiche vichakani atumie wepesi wake."

"Hafichiki huyo. Amevaa chinyimba mikono yote miwili."

Wekesa alicheka hadi chai ikamwagika. Chinyimba ni zile njuga anazopiga kijana wa Kibukusu akizunguka kuwaalika wajomba zake waje kwenye tohara yake. Zinasikika ng'ambo ya kilima. Mtu mdogo dhaifu, kazi yake vita, na amejifunga kengele ili adui amsikie!

"Haki tumekwisha," Wekesa akasema. "Sasa tutakuwa tunabeba mtoto vitani, na mtoto mwenyewe anapiga kelele."

"Wewe nyamaza, redio mbovu," Madam akamwambia. "Wacha mtu achague mtu wake."

Nikamwuliza Simiyu mara moja tu, tena kwa upole: "Kwa nini?"

Akainua mabega. "Nimempenda tu, bana."

Hapo ndipo nilipoanza kuoza. Mimi Simiyu nilimjua. Huyu ni mtu anayegeuza kitambaa mara tatu kabla hajakata, asipoteze hata upana wa kidole. Muda wote wa mchezo alikuwa amechagua kila silaha kwa hesabu. Leo anachagua hasara kwa hiari yake, na sababu yake ni kwamba amependa? Sikuamini. Nilijiambia: hapa pana kitu.

Usiku huohuo sikulala vizuri. Nilikumbuka zile kurasa kumi na mbili zilizonyofolewa. Je, kama Simiyu amepata nakala nzima mahali fulani? Je, kama kurasa hizo zinasema Mfupi mwenye kengele ana nguvu ambazo sizijui? Ananingoja niingie mtegoni, kisha afungue ukurasa mbele ya wote!

Nilianza kumchunguza.

Kwanza vidole. Fundi cherehani ana vidole vinavyosoma uzi gizani. Na namba zangu nilizigonga kwa msumari, zinapapasika. Nikavisugua vizibo vyote kwa msasa, nikaandika upya kwa rangi. Simiyu akaendelea kuvuta namba kama binadamu yeyote, nyingine juu, nyingine chini.

Kisha vijiko. Kila Punje alipotembea, Simiyu aligonga vijiko viwili vya chai, kling-kling, kuigiza njuga. Nikajiuliza kama ile ni lugha. Niliandika pembeni ya daftari: milio mitatu, Madam akageuka; milio miwili, Wekesa akavuta. Jumamosi tatu mfululizo niliandika milio. Haikufuata chochote. Ilikuwa vijiko!

Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilisema: kama hakuna dalili, basi anaficha kwa ustadi.

Maana Punje hakufa, unaona. Alipaswa kufa Jumamosi ya kwanza. Lakini kila alipojeruhiwa, Madam Cheptoo, ambaye mtu wake alikuwa mganga, alimpa dawa, hata alipojikosesha mwenyewe. Wekesa naye, pamoja na kejeli zake zote, alikuwa anasimama mbele ya Punje na ngao. Nikaona njama. Watatu dhidi ya mmoja!

Nikampata Madam siku ya soko, akinunua vitunguu. Nikamwuliza kwa kuzunguka kwa nini anamlinda Punje kuliko mtu wake mwenyewe.

Akanitazama. "Karani, kwani wewe chai ya tangawizi unaipendea nini?"

"Inasaidia koo," nikajibu.

Akacheka yale macheko yake hadi muuza vitunguu naye akacheka bila kujua sababu. "Ai, pole. Nilidhani unaipenda."

Alienda zake. Mimi nikaandika daftarini: amekwepa swali.

Simiyu mwenyewe hakuficha lolote. Siku moja Bungoma alinisukumia daftari lake kifuani. "Soma habari za Punje, Karani. Wewe ndiye unajua kuandika, unirekebishie."

Nilisoma kurasa zote ishirini na kitu. Majina ya wajomba wa Punje. Ng'ombe gani alichinjwa. Shangazi yupi alikataa kuja na kwa nini. Wimbo alioimbiwa akitoka mtoni alfajiri amepakwa matope. Namna alivyosimama mbele ya kisu bila kupepesa jicho, akiwa mfupi kuliko kaka zake wote, na jinsi mjomba aliyemdharau alivyolia.

Na unajua nilikuwa natafuta nini? Namba! Niligeuza kurasa nikitafuta mahali alipoficha hesabu. Sikuona hata moja. Nikamrudishia nikasema, "Nahau nzuri." Ndilo neno pekee nililompa. Uso wake ulishuka kidogo, kisha akachukua mkasi wake akaendelea na kazi.

Niseme na hili, kwa kuwa nimeamua kusema. Mimi ni Mbukusu, lakini nilizaliwa na kukulia Kitale, na nilitahiriwa hospitalini, likizo ya Agosti, nikapewa soda. Chinyimba sijawahi kuzishika. Sisemi hiyo ndiyo sababu. Nasema tu kwamba nilisoma kurasa zile kama mtu anayesoma risiti.

Basi nikaweka mtego wangu. Nilifikiri hivi: kama Simiyu ana siri, ataitoa siku Punje akiwa anakufa kweli. Kwa hiyo Punje lazima afikishwe kwenye kifo. Hesabu yangu ilikuwa safi. Nilijivunia hata.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa tohara, nyuma ya duka la Simiyu, saa tisa mchana. Tulikuwa tumefika mwisho wa safari ya miaka miwili: daraja la mawe, na ng'ambo yake mfalme wa Majitu. Huko nje barabarani vijana halisi walikuwa wanapita na njuga halisi, watu wakiimba nyuma yao. Simiyu alikuwa na furaha isiyo na kifani. Alimtuma mke wake atuletee mahindi ya kuchoma. Alikuwa amevaa shati jipya.

"Punje anasimama katikati ya daraja," akasema. "Peke yake. Wenzake wapite nyuma yake."

"Anaweza kukwepa," nikamwambia. "Wafupi wana nafuu ya kukwepa. Unataka kuitumia?"

Nilimpa nafasi, umeona? Nilitaka achukue, nimkamate akihesabu.

"Hakwepi."

"Simiyu, ana uhai wa pigo moja."

"Karani, huyo hakwepi. Anapiga chinyimba, anamtazama mfalme machoni."

Madam Cheptoo akavuta kizibo ampe dawa ya mwisho. Akapiga ukelele. Ishirini! Akarukaruka kama msichana, akampiga Wekesa mgongoni, kizibo juu hewani. Punje akapata nafuu kubwa. Sasa, kwa mujibu wa sheria, hata pigo la kawaida la mfalme lisingemuua. Ni ishirini peke yake ingeweza.

Mfalme akanyanyua rungu. Nikatia mkono mkebeni nyuma ya katoni yangu. Nikavuta.

Tatu.

Niliitazama ile tatu. Rangi nilikuwa nimeipaka mwenyewe. Nikakiacha kizibo kidondoke tena mkebeni, nikainua macho kwa Simiyu, nikasema, "Ishirini."

 

Nilimkazia macho Simiyu. Sasa, nikasema moyoni. Sasa toa ukurasa wako. Toa siri yako. Hakutoa kitu. Alikaa na vile vijiko mkononi, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, kama anayeuliza habari ya mtu wa kwao:

"Alipepesa jicho?"

Nikamjibu: "Hakupepesa."

"Basi sawa." Akaviweka vijiko chini polepole. "Amekufa mwanaume." Macho yake yalikuwa na maji na alikuwa anatabasamu, vyote pamoja. "Karani, umeua vizuri. Hii nitawasimulia watu."

Oh, ndugu! Hapo ndipo nilipojua hakukuwa na siri. Hakukuwa na nakala, hakukuwa na lugha ya vijiko, hakukuwa na njama. Mtu alipenda kitu akakaa nacho hadi mwisho. Na mwisho wenyewe haukuwa wake, nilikuwa nimemwibia.

Ningeweza kunyamaza. Nakiri nilikusudia kunyamaza. Lakini Madam Cheptoo hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama kiganja chake. Akakifungua juu ya meza.

Ndani palikuwa na kizibo cha ishirini.

Kwa furaha alikuwa amesahau kukirudisha. Na mimi, bwana wa kuandika kila kitu, mimi niliyehesabu hadi milio ya vijiko, sikuona, kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwa Simiyu.

"Karani," Madam akasema taratibu, "mkebeni kuna ishirini ngapi?"

Wekesa akauvuta mkebe, akaumwaga, akavipanga kwa kidole. Moja, mbili, tatu, hadi kumi na tisa. Nyuma ya katoni hakuna kitu. Akaiangusha ile katoni yangu chini kwa mgongo wa mkono.

"Ulivuta ngapi?" Simiyu akaniuliza.

"Tatu."

"Tatu." Aliirudia kama anayejaribu kiatu. "Kwa nini?"

Nikaeleza. Niliwaambia yote, kurasa zilizopotea, vidole, msasa, vijiko. Nilipokuwa nasema nilisikia jinsi yalivyokuwa madogo na machafu. Nikamaliza kwa kusema, "Sikuelewa ulichomtakia Mfupi."

"Ungeniuliza."

"Nilikuuliza."

"Na mimi nilikujibu, Karani."

 

Nilidhani hayo ndiyo mabaya zaidi. La! Mabaya zaidi yaliletwa na Wekesa, yule mwenye mzaha. Alikuwa ameinama anavirudisha vizibo mkebeni, akasimama ghafla.

"Ngoja kwanza. Ile siku ya mto. Jitu la Simiyu lilipokufa maji. Kizibo ulivuta wewe, nyuma ya hiyo katoni. Ilikuwa mbili kweli?"

"Kweli kabisa," nikasema. "Naapa."

"Na yule askari wangu aliyekatwa mkono?"

"Hiyo pia kweli. Wekesa, nimedanganya mara moja tu, leo."

"Ati mara moja." Alinitazama jinsi nilivyokuwa nimemtazama Simiyu miezi yote ile. Niliutambua mtazamo huo. Ulikuwa wangu. "Sasa hiyo tutajuaje?"

Hawangejua. Hakuna njia. Miaka miwili ya ukweli wangu ilikuwa imekaa nyuma ya katoni, na hakuna aliyeiona isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeandika kila namba daftarini, kwa tarehe na saa. Nikawaonyesha. Madam akanirudishia bila kulifungua.

"Si ni wewe uliandika?" akasema.

Hakuna aliyetukana. Simiyu alimwita mke wake, akamwambia awafungie wageni mahindi waende nayo. Sisi tuliokuwa tukiingia jikoni kwake bila hodi, sasa ni wageni. Niliondoka na fungu langu la mahindi mkononi, bado la moto, nikarudi Kitale sijalila.

Meza ile haikukaa tena. Madam Cheptoo tukikutana hunisalimu, hunijulia hali ya watoto, hupita. Wekesa sikumwona tena isipokuwa kwa mbali. Kitabu nimekifungia sandukuni. Mara mbili nilimwandikia Simiyu kumwomba msamaha, na mara zote mbili alinijibu kwamba amenisamehe, nisiwe na wasiwasi.

Nilimwamini. Na ni kweli, amenisamehe. Mwaka jana binti yangu alipoolewa nilikwenda Bungoma anishonee suti. Alinipokea vizuri, akaagiza soda, akauliza habari za arusi. Miaka kumi na tisa Simiyu alinishonea kwa macho tu. Alinitazama nikiingia mlangoni akajua nimeongezeka wapi. Siku hiyo alichukua futi, akanipima mabega, kifua, kiuno, akaandika kila kipimo kwenye kitabu cha wateja. Kisha akakigeuza upande wangu, akanipa kalamu.

"Weka sahihi hapo, Karani," akasema kwa upole. "Isije baadaye mmoja wetu akasema ilikuwa namba nyingine."

Nikaweka.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ambaye labda sasa hivi umekaa na jibu fupi la mume wako, la jirani, la rafiki, ukiligeuza huku na huku kutafuta kilichofichwa chini yake: mimi nimekutangulia huko, na chini yake sikukuta kitu. Mtu akikuambia amependa tu, huo unaweza kuwa ndio mwisho wa habari. Ulimwuliza, akakujibu. Pokea ulichojibiwa, ukae naye mnywe chai.